Kikao cha Wenye Kuitubia Pombe

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mwenye kuikubali toba ya waja wake, na rehma na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Darasa hii ni ya mas-ala moja ambayo katika miji ya pwani huulizwa kwa sauti ya chini, watu wakisha kutoka msikitini, na mara nyingi muulizaji husema kuwa anamuulizia rafiki yake. Nayo ni hii: Muislamu aliyetawaliwa na pombe, akasikia kuwa wako watu wenye msiba kama wake wanaokutana ili wasaidiane kuiacha, je, yafaa ahudhurie kikao chao na aseme mbele yao khabari za ulevi wake? Au kusema huko ni kuifunua dhambi ambayo Mwenyezi Mungu ameisitiri?

SURA YA MAS-ALA

Wanavyuoni wa fikihi, wapendapo kueleza jambo bila ya kumtaja mtu, huwataja Zaid na Amri. Basi na ichukuliwe kuwa Zaid ni mvuvi wa Msimbati, karibu na mlango wa mto Ruvuma, naye ana mikorosho aliyoirithi kwa baba yake. Pombe kwake si kitu cha kutafutwa mbali. Minazi ya pwani hugemwa tembo. Na ukifika msimu wa korosho mabibo hukamuliwa yakawa uraka, na uraka ukipikwa hutoka nipa. Zaid alianza kwa kikombe cha tembo pamoja na wenzake baada ya kutoka baharini. Sasa hawezi kushika nyavu asubuhi mpaka anywe kwanza, kwa kuwa mikono humtetemeka.

Si kwamba hajui hukumu. Ameapa juu ya Msahafu mara mbili. Ramadhani za nyuma aliweza kuacha, na usiku wa Idi akarudi. Mwaka huu hata Ramadhani imemshinda. Fedha za korosho zikisha kulipwa baada ya mnada, humalizika kabla ya watoto kununuliwa sare za shule. Amesikia barazani kuwa sala ya mlevi haikubaliwi siku arobaini, kwa hivyo ameacha kusali. Na moyoni mwake amekwisha kujiona kuwa si katika Waislamu tena.

Amri ni rafiki yake wa zamani, akaaye Mtwara mjini. Alikuwa mlevi kama yeye, na huu ni mwaka wa tatu hajaonja. Alimwambia Zaid: "Ndugu yangu, njoo Jumamosi. Tunakaa watu sita. Hutalazimishwa kusema neno." Zaid akajibu: "Aibu yangu Mungu ameisitiri, nami nikaifunue mwenyewe?"

Jawabu hilo lina nusu ya ilimu ndani yake. Nusu iliyobaki ndiyo makusudio ya darasa hii.

HUKUMU YA KINYWAJI

Hapana khitilafu katika madhehebu ya Imam Shafii kuwa kila kilevi ni haramu, kichache chake na kingi chake, kiwe kimetoka katika zabibu, au mnazi, au bibo. Maji ya bibo yaliyokamuliwa sasa hivi ni halali kama maji ya chungwa. Yakisha kuchacha hata yakalevya ni haramu, hata kama watu watashika kuyaita maji ya matunda. Sheria ya nchi nayo ilikataza kupika pombe ya moshi tangu mwaka 1966, na mwezi wa Machi 2017 ikakataza pombe ya viroba. Jambo hili limekwisha. Mas-ala ni ya mtu anayeijua haramu, anaichukia, na njia ya kutoka haioni.

Hali hiyo madaktari huiita uraibu, nao huihesabu katika maradhi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kuwa katika mwaka 2019 pombe iliua watu kiasi cha milioni 2.6 duniani. Wala mtu asidhani kuwa kuiita maradhi ni kuiondolea dhambi. Mja huenda akabeba yote mawili: dhambi, ambayo dawa yake ni toba, na maradhi, ambayo yanataka tiba. Mwenye kutubu na tiba akaiacha ni kama nahodha afuaye maji chomboni na huku upenyo hajautia kalafati. Hufua usiku kucha, na alfajiri maji yako pale pale.

ASILI YA VIKAO HIVI

Mwezi wa Mei 1935, mfanyabiashara wa New York aitwaye Bill Wilson alikuwa katika mji wa Akron, Marekani. Alikuwa na miezi michache tu tangu kuacha pombe. Biashara iliyompeleka ikaharibika, na tamaa ya kunywa ikamrudia. Hakutafuta mtu wa kumwonya. Alitafuta mlevi mwenziwe wa kusema naye. Akaonyeshwa daktari mpasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa imemshinda miaka mingi. Wakakaa, na kila mmoja akamweleza mwenziwe yaliyomfika. Daktari huyo alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo huhesabiwa kuwa ndiyo mwanzo wa jumuiya ya Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajwa majina. Mwaka 1951 ikaundwa jumuiya nyingine kwa ajili ya wake, waume na jamaa za walevi, nayo ni Al-Anon.

Waasisi hao hawakuwa Waislamu, na katika hatua zao kumi na mbili humtaja Mungu kwa kadiri kila mtu amfahamuvyo. Kwa ajili hiyo Waislamu wa Baltimore, huko huko Marekani, walianzisha mwaka 1989 jumuiya iitwayo Millati Islami, wakazipanga hatua hizo juu ya misingi ya dini yao. Na Unguja, tangu mwaka 2009, zimefunguliwa nyumba ambazo watu huziita soba hausi, na humo walioathirika kwa madawa ya kulevya na kwa pombe hukaa pamoja, husali pamoja, na hufanya vikao vya namna hii.

Na lau mtu atasema kuwa kuacha pombe kwa pamoja ni mambo ya wageni, na aitazame khabari aliyoisimulia Anas bin Malik, radhi za Mungu ziwe juu yake, iliyomo katika Bukhari. Anas alikuwa akiwamiminia watu pombe nyumbani kwa Abu Talha, kabla ya kuharimishwa. Mpiga mbiu akapita akitangaza kuwa imeharimishwa. Abu Talha akamwamuru Anas aitoe na kuimwaga, nayo ikapita katika njia za Madina. Hawakuacha kila mmoja chumbani mwake kwa siri. Waliokuwa wakinywa pamoja waliacha pamoja. Wala hukumu yenyewe haikushuka kwa siku moja: ilianza kwa aya ya 219 ya Sura ya Al-Baqara, ikafuata aya ya 43 ya An-Nisaa, na ikatimia kwa aya za 90 na 91 za Al-Maida. Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, alieleza kuwa lau watu wangaliambiwa mwanzo kabisa waache pombe, wangalikataa. Basi aliyewaumba waja anajua namna waachavyo.

MAS-ALA YA KWANZA: KUISEMA DHAMBI

Nusu ya ilimu aliyonayo Zaid ni ya haki. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwa Abu Huraira kuwa Mtume (S.A.W.) aliwatoa katika umma wenye kusamehewa wale wanaodhihirisha maasi: mtu hufanya jambo usiku, Mola wake akamsitiri, naye kukicha akaenda kulisimulia mwenyewe. Hilo ni kosa juu ya kosa, kwa kuwa ndani yake mna kujivuna, na kuifanya haramu kuwa nyepesi machoni pa wanaosikia.

Nusu ya pili imo katika Kitabu cha Adhkar cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, naye ni nguzo katika madhehebu. Baada ya kueleza kuwa ni makuruhu kwa mtu kumpa mwingine khabari ya maasi yake, alitoa katika hukumu hiyo mwenye kumwambia sheikh wake, au aliye mfano wake, ambaye anatarajia kwake mojawapo ya mambo haya: amfundishe njia ya kutoka katika maasi hayo, au amfundishe la kumlinda asiyarudie, au amjulishe sababu iliyomtia humo, au amwombee dua, na yaliyo kama hayo. Mwenye kusema kwa kusudi hilo hana ubaya. Bali Imam amesema kuwa ni jambo jema.

Basi na apime mwenye akili. Wanaohudhuria kikao hutafuta nini? Hutafuta njia ya kutoka. Na aliye mbele yao amekwisha kupita njia hiyo kwa miguu yake. Hutafuta la kuwalinda. Na mwenzao huwaambia ni saa gani tamaa humjia na yeye huifanyaje. Hutafuta sababu, na mara nyingi mtu hakuijua sababu yake mpaka aliposikia mwingine akiitaja. Mambo aliyoyahesabu Imam yote yamo. Kwa hivyo kuhudhuria na kusema kwa kusudi hilo kwafaa, na kwa mtu aliyejaribu peke yake akashindwa, kumekaribia kuwa lazima, kwa kuwa lisilotimia la wajibu ila kwalo huwa nalo ni la wajibu.

Lakini ruhusa ina mpaka wake, na mpaka ni kusudi. Zaid na aseme kilichomsukuma, kilichompotea na kilichomsaidia. Asieleze ladha ya pombe wala vichekesho vya ulevini. Asiwataje aliokunywa nao, kwa kuwa sitara ya mwingine si mali yake. Na yote asikiayo ni amana. Akilichukua neno la mwenziwe akaenda nalo barazani, amekhini amana na amesengenya kwa mara moja. Hilo haliruhusiwi ila pakihofiwa roho ya mtu kuangamia. Hapo huambiwa mwenye uwezo wa kuiokoa.

MAS-ALA YA PILI: JE, TOBA YA PEKE YAKE HAITOSHI?

Mtu huenda akasema: Toba ni baina ya mja na Mola wake, nayo ina masharti matatu: aache, ajute, aazimie kutorudi, na ikiwa ipo haki ya mtu, airudishe. Watu wengine wanaingiaje?

Jawabu: Hawaingii katika kukubaliwa kwa toba, huingia katika kuihifadhi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwa Abu Said al-Khudri khabari ya mtu wa zamani aliyeua watu tisini na tisa, akamwendea mtawa kuuliza kama ana toba, akaambiwa hana, naye akamuua akatimiza mia. Khalafu akamwendea mwanachuoni. Huyu alimjulisha kuwa mlango wa toba u wazi, na hakumwacha hapo: alimwamuru aitoke nchi yake, kwa kuwa ni nchi ya uovu, ahamie kwa watu wanaomwabudu Mwenyezi Mungu, aabudu pamoja nao. Mtawa alimpa hukumu isiyo na njia. Mwanachuoni alimpa hukumu, na njia, na watu wa kufuatana nao. Wangapi leo hujibu mlevi kwa jawabu la yule mtawa!

Na mazoea ya madaktari yanashuhudia hayo. Mwaka 2020 ulitolewa uchunguzi uliokusanya tafiti 27 zenye watu 10,565. Katika zilizo madhubuti, waliotiwa katika njia ya vikao hivi, kiasi cha watu 42 katika kila 100 walikuwa hawanywi kabisa baada ya mwaka; na waliotibiwa kwa njia nyingine, kiasi cha 35 katika kila 100. Si kila aendaye hupona. Lakini kwa kitu kisicho na ada, watu saba zaidi katika kila mia ni neema kubwa.

MAS-ALA YA TATU: SIKU AROBAINI

Hadithi ya siku arobaini ipo, ameitoa Tirmidhi na wengine. Lakini maana yake si ile aliyoichukua Zaid. Imam Nawawi alipoisherehesha hadithi ya mwenye kumwendea mpiga ramli, nayo pia imetaja sala kutokubaliwa siku arobaini, alieleza kuwa maana yake ni kukosa thawabu, ama faradhi imemwondokea wala hana kulipa. Na ya pombe wanavyuoni wameichukua kwa maana hiyo hiyo. Basi mwenye kulewa kisha akapata fahamu ni faradhi juu yake kusali, na akiacha amejiongezea dhambi kubwa juu ya dhambi kubwa. Na katika hadithi ile ile imetajwa kuwa akitubu, Mwenyezi Mungu huipokea toba yake. Watu wa barazani huinukuu nusu ya mwanzo na hii huisahau, na kwa usahaulifu wao mtu amekosa msikiti.

MAS-ALA YA NNE: KUKATA GHAFLA

Ni lazima ijulikane na kila mwenye kumwonya mlevi: aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa muda mrefu, akikata ghafla, mwili huweza kumgeuka. Hutetemeka, hutoka jasho, huona visivyokuwapo, hushikwa na kifafa, na wengine hufa. Hatari huwa khasa baina ya siku ya kwanza na ya nne. Na dalili ya mtu wa namna hiyo ni kama ya Zaid: mikono kutetemeka asubuhi mpaka anywe.

Sheikh Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 wa Hijra, aliulizwa juu ya mtu aliyezoea afyuni hata akawa ataangamia akiiacha. Akajibu kuwa roho huhifadhiwa kwa dharura, lakini ni wajibu juu yake aipunguze kidogo kidogo mpaka aondokane nayo. Hiyo ilikuwa afyuni, na zama hizo hapakuwa na dawa ya kuivusha roho. Leo hospitali inazo dawa za kumvusha mtu siku hizo bila ya tone la pombe. Kwa hivyo Zaid hana haja ya kuendelea kunywa wala ruhusa ya kujiua kwa kukata peke yake. Mwendo wake wa kwanza ni kwa daktari, na wa pili ni kwa kikao.

MAS-ALA YA TANO: KUKIPATA KIKAO NA ADABU ZAKE

Kutafuta kuna njia nne. Ya kwanza ni kuuliza hospitalini, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Ligula, kwa watu wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Hao hulinda siri ya mgonjwa, na ikiwa kuna kikao mjini huenda wakakijua. Ya pili ni kuwapigia simu watu wa soba hausi za Unguja na Dar es Salaam, waulizwe kama kuna mwenzao aliyerudi kwao kusini. Ya tatu ni vikao vya simu na intaneti, ambavyo vimezidi sana tangu mwaka 2020. Vingi ni vya Kiingereza, lakini mwenye kuifahamu lugha hiyo huweza kuhudhuria naye yuko Mikindani au Msanga Mkuu. Ya nne, kikikosekana kabisa, ni kukianzisha. Wawili wenye kutaka kuacha watosha. Bill Wilson na Bob Smith hawakuwa zaidi ya wawili.

Mwendo wa kikao ni mwepesi. Watu hukaa duara kwa muda wa saa moja au moja na nusu. Mmoja huongoza. Kila mtu kwa zamu husema jina lake la kwanza tu, kisha yaliyo moyoni mwake, na wengine husikiliza. Hakatwi, hasutwi, wala hahutubiwi. Mgeni akipenda hunyamaza, na siku ya kwanza hiyo ni bora kwake. Sharti la kuingia ni moja, nayo ni kutaka kuacha. Ada hapana, kila mtu hutoa apendalo kwa ajili ya chai na chumba. Aliyekwisha kudumu huwa mlezi wa mgeni, akampa namba ya simu, ili tamaa ikimjia usiku apige kabla ya kutoka nyumbani. Na wageni wengi hushauriwa wahudhurie siku nyingi mfululizo katika miezi mitatu ya mwanzo.

Ikiwa kikao ni cha watu wa dini mbalimbali, na wengine wakaomba kwa maombi yao, Muislamu hunyamaza na huomba dua yake mwenyewe. Wanaume na wanawake wakiwa na vikao mbalimbali ni bora. Na kikao kikiwekwa madrasa, chumba cha nyuma kwa siku isiyo na darasa ni kizuri kuliko uwanja wa msikiti baada ya sala ya Ijumaa, kwa kuwa huko kila mtu humwona aingiaye, na sitara ni katika makusudio.

MAS-ALA YA SITA: KWA SIKU YA LEO

Watu wa vikao hufundishana kuiacha pombe kwa siku ya leo tu. Mwanafunzi atauliza: Je, hilo halivunji sharti la toba, ambalo ni kuazimia kutorudi milele?

Jawabu: Azma ni ya umri mzima, na kazi ni ya siku. Mfano wake umo katika saumu. Mwezi wote wa Ramadhani ni faradhi, na Muislamu ameazimia kuufunga wote. Hata hivyo katika madhehebu ya Imam Shafii nia hutiwa kila usiku kwa ajili ya siku yake, wala nia moja haitoshi kwa mwezi mzima. Hakuna asemaye kuwa mwenye kutia nia ya kesho ameikana keshokutwa. Basi Zaid kila usiku na atie nia ya kutokunywa kesho, na moyoni mwake mlango wa pombe uwe umefungwa moja kwa moja.

Na akianguka? Toba ya kwanza haibatiliki kwa kosa la pili, kama alivyobainisha Imam Nawawi. Bali kosa la pili linataka toba yake. Siku aliyoanguka ndiyo siku ya kukihitajia kikao zaidi, na shetani hapendi neno kama mtu aseme, "Kwa aibu hii sirudi tena." Na arudi, aseme, asikilizwe, aanze.

KHATIMA: YALIYO JUU YA WENGINE

Katika Bukhari imo khabari aliyoipokea Umar bin al-Khattab, radhi za Mungu ziwe juu yake, ya mtu aliyeitwa Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.). Alikuwa akinywa, akaletwa na kupigwa hadi, akaletwa tena. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani kwa kuwa huletwa mara nyingi. Mtume (S.A.W.) akakataza asilaaniwe, akamshuhudia kuwa anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katika riwaya ya Abu Huraira, alipoombewa mlevi fedheha, aliwakataza wasimsaidie shetani juu ya ndugu yao.

Hadi ilisimama mahali pake, wala haramu haikuwa halali. Lakini mtu yule hakutolewa katika kundi la Waislamu, na kushuhudiwa kwa mapenzi yake kulitangulia kuacha kwake. Basi imamu amwonapo Zaid amekaa safu ya mwisho, akiwa na fahamu zake, asimtajie ulevi katika hotuba. Jirani asimwite mlevi mbele ya wanawe. Mke apewe msaada, kwa kuwa naye ana jeraha. Wenye madrasa watoe chumba. Na wazee wa baraza, wasikiapo kuwa vijana sita hukutana Jumamosi mlango umerudishwa, wasikae kuhesabu ni akina nani wanaoingia.

Zaid akienda Jumamosi, hatakuwa ameifunua sitara ya Mola wake. Atakuwa amemwonyesha mganga jeraha. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

MASWALI YA DARASA HII

1. Ni tofauti gani iliyopo baina ya mwenye kudhihirisha maasi na mwenye kuyasema ili apate njia ya kutoka?
2. Taja mambo ambayo kwa ajili yake Imam Nawawi ameruhusu mtu aseme maasi yake.
3. Mwanachuoni alimwamuru nini muuaji wa watu mia baada ya kumjulisha kuwa ana toba?
4. Mwenye kulewa akipata fahamu, je, yamlazimu sala? Eleza maana ya siku arobaini.
5. Ni mtu gani asiyefaa kukata pombe peke yake bila ya daktari, na dalili yake ni nini?
6. Nia ya kila usiku katika saumu yafanana vipi na azma ya mwenye kuiacha pombe?
7. Katika mtaa wako ni chumba gani ambacho watu wawili wanaweza kukaa Jumamosi bila ya kutazamwa?